Uliza Safari: Viza ya Ulaya na hela ya kuazima

Toleo lililopita niligusia viza ya Schengen mistari miwili tu, nikasema ni viza moja inayokuingiza nchi 29 za Ulaya, basi maswali yamemiminika mpaka mhariri akanipigia kuuliza kulikoni. Yote siwezi kuyajibu, mengi yanafanana, na mengine ni ya watu wanaotaka kupitia viza ya utalii wakatafute kazi hukohuko na hayo mnajua siyajibu. Niliyochagua ni haya, nimeyafupisha kidogo na majina ni yale mliyoomba niyatumie.

Dada habari za kazi. Mimi na mume wangu mwakani tunatimiza miaka 20 ya ndoa, tunataka tutoke siku kumi hivi, Paris, Amsterdam na Roma. Ajenti katuambia tuombe ubalozi wa nchi nyingine kabisa ambayo hata hatuendi, eti wale hawana maneno mengi. Ni sawa? (Mama Jose, Kimara)

Hongereni jamani, miaka 20 sio mchezo. Huyo ajenti mwacheni alivyo. Utaratibu ni kwamba unaomba kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi, kwa hiyo mkilala siku 3 Paris, 3 Amsterdam na 4 Roma basi mnaomba Italia, na kama siku zinalingana kila mahali mnaomba kwenye ile nchi mtakayoingilia kwanza. Italia, Ufaransa na Uholanzi wote wana ubalozi hapa Dar kwa hiyo hata shida ya kwenda Nairobi hamna. Ukiomba kwa nchi usiyoenda inabidi utengeneze ratiba ya uongo na hoteli za uongo, afu siku unafika uwanja wa ndege afisa wa mpaka anaona viza ya nchi moja, hoteli ya nchi nyingine, anaanza kuuliza, na ana haki ya kukurudisha hata kama viza ni halali. Hiyo ndio zawadi ya ndoa mnayoitaka?

Muda: maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila msisubiri huko mwisho, kwa sababu wao wana siku 15 za kutoa jibu na wakitaka kuchimba zaidi wanaruhusiwa kwenda mpaka siku 45. Na kupata apointimenti kwenyewe miezi ya kuelekea Juni na Desemba ni kazi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 mpaka 11 ni yuro 45, chini ya hapo bure. Kama nchi mnayoomba imewapa kazi ya kupokea maombi kampuni ya nje kama VFS Global mtaongeza na ada ya huduma, na hela hii wakikataa hairudi. Watu wengi wanamkasirikia yule binti wa dirishani, yule hana maamuzi, anapokea makaratasi, anachukua alama za vidole na picha, basi. Anayeamua yuko ubalozini na mara nyingi hamtaonana naye kabisa, ndio maana karatasi zenu inabidi ziongee zenyewe.

Kwenye tiketi msikimbilie kulipa. Wanachotaka ni ratiba ya ndege iliyobukiwa, na hoteli chukueni zile zinazoruhusu kughairi bure, ila msighairi kabla jibu halijatoka, wanapiga simu hotelini hao. Wekeni na cheti cha ndoa.

Shikamoo dada. Mimi nina duka la vifaa vya simu Kariakoo, biashara inatembea vizuri tu namshukuru Mungu, ila hela zangu nyingi ziko kwenye mzunguko, nyingine M-Pesa, nyingine mkononi, benki nina akaunti ila huwa na laki mbili tatu. Nataka kwenda Ufaransa kutalii siku kumi mwezi wa tisa. Kuna jamaa anasema atanikopesha milioni 20 ziingie kwenye akaunti yangu, tunaprinti steitimenti, afu anazitoa, mimi nampa laki nane. Anasema kila mtu anafanya hivyo. (Salum, Kariakoo)

Marahaba Salum. Hili swali nimeletewa na watu wengi kuliko jingine lolote mwezi huu kwa hiyo ngoja nikae nalo, na wengine wote mlioniuliza "niwe na shilingi ngapi benki" someni hapahapa.

Weka laki nane zako mfukoni. Mtu wa ubalozi hasomi ule mstari wa mwisho wenye salio peke yake, anasoma steitimenti yote ya miezi mitatu mpaka sita kuanzia juu, na anazisoma kila siku za watu wa Kariakoo, wa Mwanza, wa Arusha, anajua kabisa akaunti ya mfanyabiashara inavyokaa. Sasa yako inaonyesha laki mbili, laki na nusu, laki tatu, laki mbili, halafu ghafla wiki moja kabla ya apointimenti zinadondoka milioni 20 kutoka kwa mtu ambaye hana jina lolote kwenye faili lako. Atawaza nini? Hata mimi ningewaza hivyohivyo. Zile milioni 20 zinakugeuza kutoka mfanyabiashara mdogo mkweli kuwa mtu ambaye kuna kitu anaficha, na wakishaanza kuwaza unaficha hata vile vitu vyako vya kweli vinaanza kuonekana vya kutengeneza.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata huzihitaji. Ufaransa wana kiwango chao kinachojulikana cha hela ya kujikimu, ni yuro 65 kwa siku kama una hoteli imeshabukiwa na yuro 120 kwa siku kama hoteli huna. Siku kumi na hoteli ni yuro 650. Hiyo haifiki hata robo ya hizo milioni 20! Juu ya hapo uonyeshe nauli na hoteli zinalipwaje, basi. Ukweli ni kwamba kufikisha kiwango sio kwamba viza tayari, lakini muone wenyewe mtu anavyotaka kukodi hela ya mtu kwa ajili ya kitu ambacho duka lake lenyewe linaweza kukibeba.

Kwa hiyo fanya hivi, na una muda mpaka mwezi wa tisa. Kuanzia wiki hii mauzo ya duka yapitishe benki, sio lazima yote, lakini yaonekane yanaingia na yanatoka, unalipa mzigo, unalipa kodi ya fremu, inaingia tena. Akaunti inayopumua inapendeza kuliko akaunti yenye hela nyingi iliyolala. Steitimenti ya M-Pesa na ya lipa namba nazo ziombe uziambatanishe, hazichukui nafasi ya benki lakini zinaeleza kwa nini benki ilikuwa nyembamba. Halafu leta karatasi za duka: leseni ya biashara, TIN na karatasi za TRA kuonyesha kodi umelipa, usajili wa BRELA kama jina la biashara umelisajili, mkataba wa fremu, hata picha mbili tatu za duka sio dhambi. Kama unapokea mgao wa kikoba au uliuza kiwanja na hela kubwa ikaingia, hiyo haina tatizo lolote bora uwe na karatasi, barua ya kikoba yenye mhuri au mkataba wa mauzo, hela kubwa yenye karatasi ni hela tu kama nyingine.

Andika na barua ya maelezo, ukurasa mmoja, sio insha. Naitwa fulani, nina duka hili tangu mwaka huu, nikiwa safarini duka linashikwa na mdogo wangu, naenda Paris siku saba na Lyon siku tatu, gharama nalipa mwenyewe kutoka akaunti hii, narudi tarehe hii kwa sababu mzigo wa msimu wa Desemba naanza kuagiza Oktoba. Umeona hiyo sentensi ya mwisho? Mtu wa ubalozi anajiuliza kitu kimoja kikubwa, huyu atarudi? Wewe una duka Kariakoo na msimu unakuja, una sababu ya kurudi kuliko watu wengi wenye salio nono, sema hivyo kwa maandishi.

Na huyo jamaa ukimpa laki nane akikimbia utamshtaki wapi?

Dada mambo, mimi nina miaka 26 niko Arusha, nimeajiriwa kwenye kampuni ya utalii mwaka mmoja sasa. Nina mpenzi Mjerumani anaishi Hamburg, anataka niende likizo wiki tatu atagharamia kila kitu. Rafiki zangu wananiambia nisimtaje kabisa, niseme naenda kutalii peke yangu kwa sababu ubalozi ukijua una mzungu wanakunyima. (Neema, Arusha)

Poa Neema. Rafiki zako wanakupenda ila hapo wamekupoteza. Unamficha vipi mtu ambaye ndio analipa? Utasema unatalii Hamburg wiki tatu peke yako kwa mshahara wako wa Arusha, hoteli iko wapi, na kama umebuku hoteli ya kuzugia wakamuona kwenye tiketi au kwenye hela iliyotumwa itakuwaje. Kumbuka na vidole vyako na maombi yako vinaingia kwenye mfumo wao wa viza ambao nchi zote za Schengen zinausoma, na taarifa zinakaa humo miaka 5. Uongo mdogo wa mwaka huu utakusubiri mwaka kesho kutwa, wakati pengine ndio mnataka kuoana kweli.

Ukweli wako unaandikika vizuri tu: unaenda kumtembelea mtu wako. Kwenye fomu sababu ya safari sio utalii, ni kutembelea ndugu au marafiki. Yeye aende kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, wao wanaiita Ausländerbehörde, aonyeshe kipato chake, asaini hati inayoitwa Verpflichtungserklärung. Jina refu lakini maana yake ni kwamba anajifunga kisheria kubeba gharama zako zote ukiwa Ujerumani, ukiumwa, ukikwama, hata gharama za kukurudisha ikifikia huko. Hati ile halisi akutumie, sio picha ya WhatsApp. Na mwambie asome anachosaini maana wakidai wanadai kweli.

Sasa hati hiyo inajibu nani atalipa, haijibu kama utarudi, na kwa binti wa miaka 26 hajaolewa na mpenzi yuko hukohuko hilo ndilo swali lenyewe, tusidanganyane. Hapo kazi yako ndio mkombozi. Mkataba wa ajira, salari slipu za miezi mitatu, barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo kuanzia lini mpaka lini na unategemewa kazini tarehe fulani, mkataba wa nyumba uliyopanga, kama unasoma jioni barua ya chuo, kama mama anakutegemea toa uthibitisho wa hela unayomtumia. Na wiki tatu, hmm, likizo yako ya mwaka ni siku ngapi? Kama mwajiri amekupa siku 14 na wewe umeomba viza ya siku 21 hapo umeshajikaanga. Mimi ningeomba hizo wiki mbili, nikaenda, nikarudi kwa tarehe. Viza ya kwanza iliyotumika vizuri ina uzito kuliko barua yoyote ile.

Kingine, ukiwa kule usifanye kazi hata ya kumsaidia rafiki yake kwenye mgahawa kwa malipo. Na kama mna mpango wa ndoa na kuishi kule hiyo ni viza nyingine kabisa, msije mkajidanganya kwamba ukishaingia kwa hii utabadilishia hukohuko.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Moshi. Binti yangu ameolewa Lyon na amejifungua, anataka twende mimi na mama yake tukamuone mjukuu miezi mitatu. Pensheni yangu sio kubwa. Je, wazee wanapewa? Nina presha pia. (Mwalimu M., Moshi)

Shikamoo mwalimu, na hongera kwa mjukuu. Wazee wanapewa sana tu, na wewe una kitu ambacho vijana hawana, nyumba, shamba, pensheni inayoingia kila mwezi Tanzania na sio Ufaransa. Weka karatasi za pensheni na za nyumba na kiwanja kama zipo.

Binti aende ofisi ya manispaa ya kwao, mairie, aombe attestation d'accueil, ni hati ya kuonyesha mnafikia kwake na nyumba inawatosha. Mkiwa nayo kile kiwango cha hela nilichomwambia Salum kinashuka mpaka yuro 32.50 kwa siku kwa kila mtu, na binti anaweza kuonyesha kipato chake kwamba anawabeba. Wekeni na cheti chake cha kuzaliwa cha RITA ili ionekane kweli ni mtoto wenu, watu wanasahau hiki wanaleta picha za harusi.

Bima ya safari ni lazima, iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen na siku zote mtakazokuwepo, kadi ya NHIF haihesabiki hapa. Kampuni za bima za Dar wanauza, ila presha yako itaje wakati wa kununua, na dawa bebeni za kutosha miezi yote pamoja na cheti cha daktari.

Miezi mitatu ndipo pa kuangalia kwa makini. Sheria ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku 90 sio lazima ziwe sawasawa na miezi mitatu, Julai na Agosti zina siku 31 kila mmoja, ukiingia tarehe mosi Julai ukatoka mwisho wa Septemba umeshakaa siku 92. Siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Ningekuwa mimi ningeomba siku 75 au 80 hivi, ndege ikiahirishwa nina pa kupumulia. Na zamani watu walikuwa wanasema afisa hatahesabu mihuri, sasa hivi hata mihuri inaondoka, tangu Oktoba 12, 2025 walianza mfumo wa kompyuta wa kuandika kila anayeingia na kutoka, na ulipangwa uwe mipaka yote kufikia Aprili 10, 2026. Kompyuta inahesabu yenyewe.

Viza nimepata!! Ufaransa. Ila sielewi, imeandikwa kuanzia 3 Juni mpaka 29 Juni, chini siku 12, na sehemu ya kuingia 01. Nikae mpaka 29 si ndio? Na nataka siku mbili nipande treni niende London nirudi Paris nipande ndege. (Kijana wa Tabata)

Hongera, lakini shuka kwanza. Tarehe 3 mpaka 29 ni dirisha, siku 12 ndio ruhusa yako. Maana yake ndani ya hilo dirisha unachagua siku 12, uingie tarehe 3 utoke 14, au uingie tarehe 10 utoke 21, ila 29 ikifika hata kama hujamaliza siku zako viza imekufa. Siku 15 za ziada wanakuongezea kwenye dirisha ili safari ikisogea usihangaike kuomba upya, sio kwamba ni zako za kukaa. Watu wazima na akili zao wamekaa mpaka tarehe ya mwisho kwenye stika wakijua wako sawa, wakatoka na rekodi ya kuzidisha siku.

London sahau. Uingereza haiko Schengen, ina viza yake, ada yake iliyopanda kufika pauni 127 mwaka 2025, na fomu yake. Na hata ungekuwa nayo, hiyo 01 inamaanisha unaingia mara moja tu, ukipanda treni kwenda London umeshatoka Schengen, kurudi Paris haiwezekani, na ndege yako iko Paris! Ulitakiwa uombe ya kuingia mara nyingi na useme sababu tangu mwanzo. Hizo siku mbili nenda Brussels au Amsterdam kwa treni, hakuna anayekuzuia.

Ukifika uwanja wa ndege begi la mkononi liwe na hoteli, bima, tiketi ya kurudi na ushahidi wa hela. Usiviweke kwenye sanduku kubwa huko chini, utaulizwa kabla hujalichukua.

Nilikataliwa Februari, ubalozi wa Ujerumani. Wametiki kwamba kuna mashaka na nia yangu ya kuondoka kabla viza haijaisha. Nasikia nisubiri miezi sita ndio niombe tena, na kuna mtu anasema anaweza kuandika rufaa ubalozini. (Mdau, Dodoma)

Pole. Miezi sita hiyo hakuna aliyeiandika popote, unaweza kuomba hata kesho, ila ukiomba kesho na faili lilelile utapata jibu lilelile na yuro 90 nyingine zimeondoka. Na huyo wa rufaa muulize anajua kwamba Ujerumani tangu Julai 1, 2025 wamefuta ile njia ya kuandika barua ya kupinga ubalozini? Iliyobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani, na mahakama yenyewe iko Berlin. Nchi nyingine zina utaratibu wao na umeandikwa kwenye karatasi hiyohiyo ya kukataliwa pamoja na muda wake, isome yote mpaka nyuma.

Kisanduku ulichotikiwa hakisemi wewe ni muongo wala masikini, kinasema faili lako halikuwaonyesha unarudia nini. Kwenye imeili yako ndefu umesema una ng'ombe wa maziwa, umesema una watoto wawili shuleni, umesema ni mjumbe wa bodi ya SACCOS, nikakutafutia kwenye orodha ya karatasi ulizopeleka sijaona hata moja ya hayo. Umepeleka steitimenti, tiketi na hoteli. Hao watu wamekujua kama akaunti ya benki tu. Omba upya ukiwa na barua ya SACCOS, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ada zao, mkataba wa unakouza maziwa. Na usifiche kwamba ulikataliwa, wanaliona hilo kwenye mfumo, lieleze kwa sentensi mbili na useme safari hii umeongeza nini.

Mie Mzanzibari nafanya kazi Muscat, niombe Muscat au nirudi nyumbani? (Bi Zuwena)

Omba hukohuko Muscat Bi Zuwena, mtu anaomba pale anapoishi kihalali. Kibali cha ukaazi kiwe hai mpaka baada ya kurudi kwako, na pata barua kwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini huko, kwamba hana pingamizi na kazi inakusubiri.

Nataka niende na mwanangu wa miaka 9, baba yake hatuko pamoja. Na pasi yangu ya kwanza ile ya kielektroniki inaisha mwanzoni mwa 2028. (Mama wa Sinza)

Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya baba ya maandishi iliyothibitishwa kwa wakili, na kama baba hajulikani alipo au amefariki, karatasi ya mahakama au cheti cha kifo. Hili la ridhaa usiliache mpaka mwisho, ndio linalokwamisha kina mama kuliko hela. Vidole hatachukuliwa, ni kuanzia miaka 12. Pasi iwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, iwe haijapita miaka 10 tangu itolewe na kurasa 2 tupu. Nyie mliowahi zile za mwaka 2018 kama mna safari ya Krismasi ya 2027 nendeni Uhamiaji mapema.

Mimi hizi karatasi zote sina nguvu nazo. Kuna wapi naenda bila viza? Na kuna tovuti inaniuzia ETIAS ya Ulaya badala ya viza, ni kweli? (Jaffar, Tanga)

Jaffar, ETIAS ni kibali cha mtandaoni cha watu ambao pasi zao tayari zinaingia Ulaya bila viza. Yetu haimo, kwa hiyo anayekuuzia anakuibia mchana kweupe.

Bila viza, kwa pasi ya Tanzania, una Afrika Kusini mpaka siku 90, una Mauritius, una Shelisheli ambako unajaza tu kibali cha safari onlaini kabla ya kupanda ndege, na ukitaka mbali zaidi kuna Malaysia na Singapore, hizi mbili zinataka ujaze kadi yao ya kuingia kwa mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika, ni bure, na hapo pia kuna tovuti za wajanja zinazotoza hela, jaza kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi yenyewe. Bila viza sio bila maswali lakini, hotelini wapi, tiketi ya kurudi iko wapi, hela ya kutumia iko wapi, uwe navyo mkononi. Na beba kadi ya njano ya chanjo, ile halisi sio ya kununua pale nje ya hospitali.